Ufunguo wa Mashine ya Risasi

Alabama, 11 Mei 2025

Yaya Apoline,

Dada yangu, leo ni Jumapili, tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Nimehesabu kwenye kalenda iliyo ukutani jikoni: miaka miwili, miezi saba na siku tatu tangu basi la shirika la wakimbizi linitoe kambi ya Nyarugusu, na wewe umesimama nje ya geti kwa sababu ulikosa kibali cha kuingia. Mimi ni mzima. Mgongo unauma lakini bado unainama. Nsimire mke wangu anakusalimu. Amepata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na mikono yake imekuwa myeupe kama ya mtu aliyeponda muhogo wiki nzima. Aksanti ametimiza miaka mitatu, anaongea Kiingereza na paka wa jirani, na mimi ananiongelesha Kiswahili kwa huruma. Msalimu Shemeji Stanislaus. Msalimu Prudence na wadogo zake. Ukipata mtu wa kwenda kambini, Mama aambiwe nilipokea sala zake.

Uliuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Simu yenu ni ya Shemeji, na Shemeji husikiliza ujumbe kwa sauti ya juu pale kwenye mashine ya kusaga, na Murungu nzima inajua habari zangu kabla yako. Haya ninayoandika leo ni yako.

Dukani kwetu wameleta mashine ya kuuza risasi.

Najua umesoma mstari huo mara mbili. Ni duka la vyakula, Yaya, ninamopanga maziwa na mayai na kupiga deki. Watu wanakuja na watoto wao ndani ya toroli. Mashine imewekwa kati ya jokofu la barafu na rafu ya mikate. Ni sanduku la chuma refu kuliko mimi, lilishushwa na watu sita na kreni ndogo. Mbele lina kioo kama cha simu, kikubwa. Mtu anaweka leseni yake, kioo kinamwangalia uso, kinalinganisha na picha. Kikiridhika kwamba ni yeye na amefikisha umri, analipa kwa kadi, na kasha la risasi linadondoka chini. Risasi za bastola, risasi za bunduki ya kuwindia, zote zimo. Sheria za hapa zinaruhusu. Hakuna aliyeiba wala kuficha kitu, ndiyo maana nashindwa hata kukasirika vizuri.

Meneja wetu ni mama wa makamo. Si mtu mbaya. Baba alipofariki mwezi wa pili alininunulia kadi na keki, akaniacha nikalie kwenye stoo ya karatasi za chooni. Ijumaa ameniita. Kampuni yenye mashine inataka mtu mmoja wa dukani ashike ufunguo, ajaze makasha yakipungua, afute kioo. Amenichagua mimi kwa sababu sivunji mayai. Nikishika ufunguo nakuwa kiongozi wa zamu, na kiongozi wa zamu anapewa likizo ndefu. Nikikataa, mwezi wa pili mwakani sina likizo. Wafanyakazi wa kawaida ruhusa yao ni siku tano, na siku tano hazinifikishi hata Dar es Salaam.

Kwa hiyo, Yaya, kuondoa matanga ya Baba kuko mikononi mwa mashine ya risasi. Nimemwambia meneja nitafikiri. Nitafika mwezi wa pili, lakini sijui kwa mlango gani. Nipe neno.

Mdogo wako,
Séverin


Murungu, Kibondo, 22 Juni 2025

Mdogo wangu Séverin,

Barua yako ilifika parokiani Kibondo salama, katibu akampa wifi yangu Winifrida, Winifrida akaisahau siku nne kwenye kikapu cha dagaa. Ukiona ninavyokujibu kwa hasira kidogo, ni harufu. Sisi hatujambo. Maharage tumepura, magunia manane, panya wamekwisha kuchukua fungu lao. Mvua zimekata, vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye chumvi. Shemeji yako anakutakia amahoro, amani, na anasema hasikilizi simu kwa sauti ya juu, ni simu yenyewe. Prudence amefaulu mtihani wa majaribio, anataka kusoma uuguzi. Mama nilimwona kambini kabla ya Pentekoste. Amekonda. Posho imepunguzwa tena, lakini ukimpelekea unga anawapa majirani, halafu anakuambia ameshiba.

Sasa la kwako. Chukua ufunguo.

Nimeandika hivyo mwanzo ili usinisomee ukitafuta. Wewe ndiye mtoto wa kiume pekee. Nyundo ya Baba bado iko juu ya fuawe lake ndani ya nyumba ya kambini, imefunikwa gunia, na hakuna mwenye haki ya kuitoa nje siku ya matanga ila wewe. Wazee wa Walungu, kwetu tulikokimbia, waliobaki pale kambini ni watatu, na mmoja hasikii. Unataka tumwombe asiyesikia asubiri mwaka mwingine? Hukumzika Baba. Nilimzika mimi, mwanamke, nikapokea mkono wa watu kwenye nafasi yako, na maneno waliyonisemea mgongoni nimeyameza.

Mashine ni chuma, Séverin. Hata jembe ni chuma. Wenyewe wamepitisha sheria yao, wanajuana na risasi zao tangu babu zao. Wewe futa kioo, jaza makasha, omba likizo, njoo. Usipochukua ufunguo atachukua mwingine, na risasi zitadondoka vilevile, ila yeye ndiye atakayekwenda kuwaona wa kwao.

Nakungoja mwezi wa pili. Usile vya makopo sana.

Yaya wako,
Apoline


Alabama, 27 Julai 2025

Yaya,

Leo ni miaka miwili na miezi tisa na ushee. Barua yako imefika na dagaa nimemnusa. Nsimire ameilaza kwenye mto wake usiku mmoja, eti inanukia kwao. Aksanti ameota meno yote na anatumia yote kumng'ata yule paka. Mimi mwili uko, ila wiki hii jua limetupiga. Kukusanya toroli nje ni sawa na kuokota mahindi juu ya bati.

Mafunzo nimehudhuria. Nimehudhuria tu, sijatia saini. Alikuja kijana wa kampuni, viatu vyeupe, akatuonyesha namna ya kufungua na kupanga. Alirudia neno moja kama mhubiri: hakuna mkono wa mtu. Dukani kwa bunduki, alisema, lazima muuzaji akuangalie, akuulize, muda unakwenda. Hapa hakuna wa kukuuliza chochote. Saady alikuwa pembeni yangu. Humjui, ni Mfizi, mkimbizi mwenzetu, tulikuwa naye zoni ya nne Nyarugusu, sasa anakata nyama huku. Akaninong'oneza, "Ndugu yangu, ni kama mashine ya soda, ila huku chupa hairudi."

Nilicheka, halafu nikarudi kupanga maziwa.

Yaya, wewe ulikaa kwenye banda la uhunzi la Baba miaka mingi kuliko mimi. Unakumbuka alivyouza panga. Hakumpa mtu mkononi. Alililaza chini, makali yakimwelekea yeye mwenyewe, halafu anauliza, "Unakwenda kukata nini?" Mtu aseme. Mgomba, kuni, nyasi za paa. Akisema ndipo anainama na kuliokota. Asiyesema anaambiwa arudi kesho. Nikiwa mdogo nilidhani ni masihara ya kiuzaji. Nakumbuka mtu mmoja alipiga kelele, "Mzee, unauza au unaungamisha?" Baba akamjibu, "Kesho vyote viwili vipo."

Sasa mimi nikashike ufunguo wa kitu kilichotengenezwa makusudi kisiulize?

Na kuna jambo sijawahi kukuuliza. Baba aliacha kufua nikiwa na miaka saba. Mama anasema ni macho. Macho gani, wakati mpaka naondoka ndiye aliyekuwa akimtungia Mama uzi kwenye sindano? Fundi aliyebeba nyundo yake kutoka Walungu kwa miguu, akaacha nguo, akabeba nyundo, anaiacha siku moja tu akiwa na nguvu zake? Na baada ya hapo akaanza kwenda kulima mashamba ya watu kijijini Titye, yeye asiyependa jembe ila kulifua. Kwa nini? Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Unajua.

Niambie, halafu nitajua la kumjibu meneja. Mwezi wa pili nakuja, liwalo na liwe.

Séverin


Murungu, 31 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo. Stanislaus aliteguka mguu akishusha mbegu kwenye lori, amelala siku tisa, na ndani ya siku tisa ametutuma maji kama mgonjwa wa mwaka. Mihogo tumeanza kung'oa. Prudence anakusalimu, anataka umletee saa ya kupimia mapigo ya moyo, nimemwambia ahesabu kwa vidole. Mama hajambo.

Uliyouliza kuhusu Baba, sina cha kukuambia. Mtu akifa anaachwa apumzike. Nakuandikia nikiwa na jembe mlangoni, wewe unaniandikia maswali. Nilikuomba kitu kimoja tu tangu uondoke: uje uondoe matanga. Sikukuomba uwe mtakatifu wa Alabama.

Umepewa mlango wa kupita. Pita.

Apoline


Alabama, 5 Oktoba 2025

Yaya Apoline,

Nimekaa huku miaka mitatu kasoro siku tatu. Pole ya mguu wa Shemeji. Mwambie hapa mtu akiteguka anarudi kazini siku ya pili, ndiyo maana tunazeeka haraka. Nsimire hajambo, Aksanti alipata homa, imepita. Barua yako ilikuwa fupi kama ya serikali. Nimeielewa. Umekataa kusema, na mimi sitakubembeleza. Nitakueleza langu, wewe kaa na lako.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje nakusanya toroli. Kulikuwa na mume na mke wanagombana kando ya gari lao. Mume alipiga boneti kwa ngumi. Mke akaingia ndani, akajifungia. Sikusikia maneno yote, lakini sauti ya mtu anayeogopa haihitaji tafsiri. Tumeisikia tukiwa wadogo. Mume akageuka, akaja dukani. Nikaacha toroli katikati ya uwanja. Alipita matunda, akapita mikate, akaenda moja kwa moja kwenye mashine huku anatoa leseni mfukoni.

Miguu yangu ilifika kabla ya akili. Nilichukua kile kibao cha njano cha kutahadharisha sakafu mbichi, nikakisimamisha mbele ya mashine, na mimi nikasimama nyuma yake na fagio langu la deki.

Akasema, "Sakafu ni kavu."

Nikasema, "Ndiyo kwanza naanza kuilowesha."

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaingiza leseni. Mashine ikaanza kuongea kwa sauti yake ya kike yenye adabu: tafadhali sogea, uso wako hauonekani. Kichwa changu kilikuwa kimeziba jicho lake. Ikarudia. Tafadhali sogea. Yule bwana akanitazama kwa mara ya kwanza, na mimi nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokota, "Unakwenda kupiga nini?"

"Nini?"

"Hizo risasi. Unakwenda kupiga nini?"

"Inakuhusu?"

"Hainihusu. Nauliza tu. Baba yangu alikuwa anauliza."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Kulungu." Saady alikuwa ametoka buchani na aproni yake ya damu, akasema kwa upole kabisa, kama anamsaidia mteja, "Bwana, bunduki kwa kulungu bado. Msimu unafunguliwa mwezi wa kumi na moja."

Mashine ikasema, tafadhali sogea, uso wako hauonekani.

Hakunipiga. Nikamwambia njoo kesho. Sikupanga kusema hivyo, lilitoka lenyewe. Akachomoa leseni, akatoka, na nje gari halikuwepo tena. Mke alikuwa ameondoka. Nilimwona mume kupitia mlango wa kioo akiwa peke yake katikati ya uwanja na toroli zangu.

Labda nilizuia kitu. Labda nilimchelewesha mtu aliyekuwa anakwenda kulenga makopo nyuma ya nyumba yake apoe hasira. Sitajua. Baba naye hakujua, kwa wale wote aliowaambia njoo kesho.

Yule bwana alipiga simu makao makuu kulalamika. Jumatatu meneja akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema, "Séverin, hapa hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kumuuliza mteja anachofanyia alichonunua. Je, unawauliza wanaonunua visu?" Nikamwambia kweli, siwaulizi, na kwamba hilo nalo sasa linanisumbua. Alishika kichwa. Akaniambia nina muda mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, kwa sababu wawindaji wanaanza na mashine itahitaji kujazwa kila siku. Nitie saini ya ufunguo na karatasi ya kwamba sitauliza tena, au niandike kwamba nimekataa.

Sasa unajua. Bado nakuja mwezi wa pili. Niambie au usiniambie, Yaya, lakini usiniite mtakatifu. Mtakatifu asingejificha nyuma ya kibao cha njano.

Séverin


Murungu, 9 Novemba 2025

Mdogo wangu Séverin,

Hatujambo sote na mvua zimeanza. Salamu nyingine nitakuandikia siku nyingine. Leo nimemwambia Stanislaus aende kwenye misa na watoto, mimi nibaki. Nimefunga mlango.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama shambani. Ulipofika kwenye njoo kesho nilikaa chini juu ya miche ya maharage.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa siku ya posho. Unakumbuka siku za posho zilivyokuwa, foleni inaanza alfajiri, usipokuwepo jina lako likiitwa unangoja wiki mbili. Mama alikuwa na homa. Baba akaenda kwenye foleni ya mahindi, akaniacha mimi na mapanga kwenye mkeka sokoni, pale ambapo wanavijiji waliruhusiwa kuingia na ndizi zao. Aliniambia, "Uliza kama ninavyouliza. Usipojua la kufanya, mwambie arudi kesho." Nilikuwa nauliza vizuri kumzidi. Watu wakinicheka, siwajali.

Saa nne wakaita foleni ya mafuta. Mafuta yalikuwa foleni nyingine, na Baba hangeweza kuwa pote. Nikafikiri: watu wote hapa wanamjua Baba, bei wanaijua, hakuna mwizi wa panga la Baba. Nikaweka mkebe wa maziwa katikati ya mkeka. Nikamwambia yule mama wa ndizi, anayetaka achukue, hela atie mkebeni. Nikakimbilia mafuta. Nilifurahi, Séverin. Nilijiona nina akili, nimegundua namna ya duka kujiuza lenyewe.

Niliporudi mapanga mawili yalikuwa yameondoka, na ndani ya mkebe hela ilikuwa kamili. Hata senti haikupungua. Nilimwonyesha Baba kwa majivuno. Aliuliza, "Nani na nani?" Mama wa ndizi akataja mmoja, mtu wa kuezeka. Wa pili akasema ni kijana mmoja wa Titye, shemeji yake Mpawenimana, mkulima wa huko huko.

Baba aliangusha gunia la mahindi pale pale. Alijua. Wiki nzima ugomvi wa hao mashemeji wawili ulikuwa unasemwa sokoni, wa mpaka wa shamba, na yule kijana alikwishakuja kwa Baba mara mbili. Mara mbili aliulizwa anakwenda kukata nini, akanyamaza, akaambiwa kesho. Alipita kila siku akisubiri siku ambayo hakuna wa kumuuliza. Baba alikwenda Titye mbio, bila kibali, na mafuta ya posho tukayaacha juani. Alifika wamekwisha kumfunga Mpawenimana kitambaa. Hakufa. Mkono wa kulia ulikatika hapa, juu ya kifundo.

Baba aliwaambia watu wote kwamba ndiye aliyeuza. Polisi, wazee, Mpawenimana mwenyewe. Alisema, nilichoka, sikuuliza. Mimi aliniketisha nyuma ya banda akaniambia, "Hili ni langu. Ukilitamka popote, umenivua nguo." Halafu akaweka nyundo juu ya fuawe, akafunika gunia. Na kila msimu wa kupanda alikwenda Titye kumlimia yule mtu shamba lake, miaka ishirini na mitatu, mpaka alipoanguka. Mama anajua. Mimi najua. Sasa na wewe.

Nilikutuma uchukue ufunguo kwa sababu nilitaka uje. Hilo ni kweli. Lakini pia nilitaka iwe kweli kwamba mashine ni chuma tu, kwamba anayeacha mkeka na kuondoka hana kosa. Kama wewe ungeushika ufunguo na usiku ukalala, basi na mimi ningelala.

Nimefuta nilivyokuambia. Usiushike. Usitie saini karatasi ya kunyamaza. Wazee wakisema umemkosa Baba mara ya pili, nitasimama mimi mbele yao, na safari hii sitameza. Nyundo ikae juu ya fuawe hata miaka kumi. Usiushike, Séverin. Nasema hivi mimi niliyekuwa kwenye mkeka.

Yaya wako,
Apoline


Alabama, 14 Desemba 2025

Yaya Apoline wangu,

Leo ni miaka mitatu, miezi miwili na siku sita. Sisi ni wazima. Nsimire alisoma barua yako kwanza, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na sabuni, na aliponipa alisema tu, "Kaa." Aksanti akaja akanipanda magotini akaniuliza kwa nini karatasi inaniliza. Nikamwambia shangazi yake alikuwa na miaka kumi na minne. Akasema hiyo ni mingi sana. Nikamwambia hapana, ni michache.

Barua ilinikuta siku tatu baada ya mwisho niliopewa. Kwa hiyo ujue hili: nilikataa kabla ya kujua. Sitaki ubebe na hilo kwamba wewe ndiye uliyenitoa kazini. Mtu mzima nilikwenda kwa meneja Ijumaa tarehe ishirini na nane, nikavua kofia ya duka.

Alikuwa na karatasi mbili mezani na kalamu moja. Nikamwambia, "Siushiki ufunguo, na karatasi ya kunyamaza sitii saini. Akija mtu mwenye sura ile, nitamuuliza tena."

Akasema, "Basi likizo ya mwezi wa pili siwezi kukupa. Unaelewa? Nataka kukupa, siwezi."

Nikamwambia, "Mama, likizo anaomba mwenye kazi." Nikaweka kofia mezani, na kitambulisho, na ule mkasi wa kufungulia maboksi. Alinitazama kama mtu aliyeona ngazi imeondolewa. Ndipo alipoelewa kwamba sikuwa namtisha. Hawezi kumnyima likizo mtu asiye na kazi. Alinyanyuka akanishika mkono, macho yamemlowa. Nimekuambia si mtu mbaya. Ila kesho yake mashine iliwaka kama kawaida.

Ufunguo ameuchukua Saady. Usimlaumu, ana watoto wanne na mama mgonjwa. Alinipigia siku ile ile kuniomba radhi. Nikamwambia shika, ila ukijaza kaa pale karibu, usiharakishe kurudi buchani. Akasema, "Niulize na mimi?" Nikasema hilo ni lako. Wiki iliyopita ameniambia kioo cha ile mashine kinahitaji kufutwa mara nyingi sana, kila akiingia mtu mwenye kelele anakuta ni zamu ya kukifuta. Wataligundua. Watamfukuza au hawatamfukuza. Nimecheka, kwa mara ya kwanza tangu nivue ile kofia.

Mimi nachambua mbao kwenye karakana ya mtu mmoja, kazi ya kutwa, bila mkataba. Nikirudi kutoka huko kwenu sijui nitafanya nini. Nsimire anasema mashuka ya hoteli hayaishi, tutakula mashuka. Karatasi yangu ya kusafiria imetoka. Tiketi nilikwisha nunua mwezi wa nane, kabla ya haya yote, na hairudishwi. Angalau ukaidi wangu mmoja una risiti.

Sasa sikiliza, na usinijibu, kwa sababu jibu halitanikuta. Wewe ulibeba mkebe ule miaka ishirini na minne kwa sababu Baba alikukataza kuuweka chini. Nilimpenda Baba. Nampenda. Lakini hapo alikosea. Alichukua kosa lako akadhani amelibeba, kumbe alikuziba mdomo tu, na mkono wa Mpawenimana ukabaki umekatwa na uongo juu yake. Mzee Baba anisamehe, amri hiyo naivunja mimi, mtoto wake wa kiume pekee aliyekosa kumzika. Hutakwenda peke yako. Na hutanyamaza.

Waandalie wazee wa Walungu maneno yoyote wanayotaka kunisema, nitayasikiliza yote nikiwa nimekaa. Omba vibali viwili vya kuingia kambini, changu na chako, usisimame tena nje ya geti. Mwambie Prudence saa ya mapigo ya moyo nimeipata.

Natarajia kushuka stendi ya Kasulu Jumatano tarehe 11 Februari, mchana. Uwe pale. Alhamisi tarehe 12 tunakwenda Titye kwa Mzee Mpawenimana, mimi na wewe, na wewe ndiye utakayesema. Jumamosi tarehe 14, akitutukana au akitupokea, tunaondoa matanga ya Baba.

Séverin